Stadi za Pikapu ya Abdullahi

Wasomaji wenzangu, nichekeni polepole, maana aibu bado mbichi. Nilihamia Garissa kufungua gereji bila kujua Kisomali, na mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa mama yangu, nikipanga foleni ya simu posta.

Kisha Abdullahi, mfanyabiashara wa mbuzi anayejua Kiswahili, akaleta pikapu yake. Stadi, zile bolti zinazoshika gurudumu, zilikuwa zimekatika. Nilimwekea mpya huku nikimsimulia habari za kwetu Nyeri, naye akasikiliza.

Baada ya siku chache akarudi, stadi zimekatika tena. Halafu akarudi tena. Nikajiambia, huyu amepata rafiki, anatafuta kisingizio tu. Nikaanza kuvaa shati safi nikimngojea.

Jana alikuja kwa miguu, amejaa vumbi. Gurudumu lilichomoka njia ya Ijara, mama yake akiwa ndani, alhamdulillahi, hakuumia. Nikakimbia kumpa pole na kumvutia kiti.

“Fundi, leo usiongee,” akasema mbele ya majirani. “Wewe ukianza kuongea, nati hukazi. Ndiyo maana stadi inafunjika.”

Majirani walicheka. Nilichukua spana, tukaelekea njia ya Ijara; habari za Nyeri niliziacha gerejini.