Papa Nicole na Podikasti za Kuunda Tovuti

Kila Jumapili baada ya misa simu ya Barthélemy ililia, na kila Jumapili mazungumzo yalikuwa yale yale. Binti yake Nicole alikuwa Kisangani, chuoni, akisomea informatique, elimu ya kompyuta. Baba mtu alimuuliza kama amekula, kama huko mvua inanyesha, kama malaria imemwacha. Kisha akauliza habari za masomo.

"Masomo iko muzuri, Papa," Nicole alijibu, na hapo wote wawili wakanyamaza, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake, mpaka Barthélemy akampa mkewe simu. Joséphine-Marie aliipokea, akaenda nayo nyuma ya jikoni, na kicheko chake kikasikika hadi njiani.

Jumapili moja Barthélemy alijikaza. "Sasa huko, njo munasoma nini kabisa?"

"Développement web, Papa. Kutengeneza ma-site ya internet."

"Inafanywaka namna gani?"

"Ah, Papa. Iko nguvu kuelezea."

Neno hilo, kwamba ni vigumu kueleza, Nicole hakulisema kwa dharau. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Lakini neno lile lilimkaa Barthélemy rohoni wiki nzima. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimfuata asubuhi hadi kwenye ng'ombe, akimsimulia ndoto zake zote bila kuruka hata moja. Leo kulikuwa na jambo linalojaza siku zake, na baba yake hakulijua hata kwa jina.

Barthélemy alikuwa mtengenezaji wa jibini, au foromaji kama sisi huku tunavyosema, katika shamba la Papa Sebarenzi, juu kidogo ya Lushebere, huko Masisi. Alikuwa amepita miaka hamsini, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyolainika kwa maziwa. Sekondari aliiacha katikati, lakini Kifaransa chake kilikuwa kizuri, na hicho alikipata kwa redio. Kazi ya jibini inashika mikono na kuyaacha masikio huru, kwa hiyo miaka yote redio ilikuwa imening'inia kwenye msumari juu ya sufuria, ikimpa habari, mahubiri na mpira.

Aliyemwonyesha njia nyingine ni Hubert, baba wa watoto watatu, mwenye kibanda cha kuchaji simu sokoni Lushebere. Siku moja Barthélemy alimlalamikia kwamba redio imejaa makelele. Hubert akamwambia kuna vipindi vya kuchukua kwenye internet na kuviweka ndani ya simu, ukavisikiliza saa unayotaka, hata pasipo na network.

"Inaitwaka podcast, Papa Nicole. Kuko ya dini, kuko ya mupira, kuko ya biashara. Kila kitu."

"Hata ya développement web?"

Hubert alimtazama vizuri. "Unataka kutengeneza site ya foromaji?"

"Nataka kuelewa mutoto yangu eko anafanya nini."

Hubert hakucheka. Alichukua simu ya Barthélemy, na jioni ile alipopanda kilimani kwake, ambako network hushika vizuri, akamjazia vipindi vinne, akamrudishia usiku huo huo.

Asubuhi iliyofuata Barthélemy alitia ekuteri masikioni, akawasha moto chini ya sufuria, akaanza. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha vijana wawili wa Paris. Waliongea mbio, wakachekeshana, wakakatizana, wakatangaza biashara ya kampuni fulani, wakarudi kuchekeshana. Walikuwa wakimsema sana serveur aliyeanguka usiku na kuwaamsha wote. Barthélemy alimjua serveur wa hoteli, yule anayeleta chakula mezani, akamwonea huruma. Ilimchukua siku mbili kutambua kwamba hapakuwa na mtu yeyote aliyeumia.

Kipindi cha pili kilikuwa cha Kiingereza, akakifuta. Cha tatu, bwana mmoja alisoma kutoka kwenye karatasi kama waziri anayesoma tangazo la serikali, mpaka Barthélemy akasinzia amesimama. Cha nne kilimwahidi kwamba atatajirika upesi akinunua mafunzo yao.

"Hao bazungu banakufurahisha?" mkewe alimuuliza alipomkuta amekunja uso juu ya maziwa.

"Banajifurahisha beo benyewe."

Mwingine angeacha. Barthélemy alirudi kwa Hubert akaketi kwenye benchi, akamweleza anachotaka, polepole, kama mtu anayemweleza fundi cherehani shati lake likae vipi. Alitaka mtu anayesema na asiyejua kitu, anayeanzia mwanzo, asiyetaja neno jipya kabla ya kusema maana yake. Tena asiwe mrefu. Maziwa hayangoji.

"Basi nilikosea kutafuta," Hubert alisema. "Nilikuchukulia ya juzi juzi, ile bantu banasikiliza sana. Beko banaongea na bafundi wenzabo."

Safari hii walitafuta wawili, vichwa vimegusana juu ya kioo kidogo cha simu. Hawakuangalia tena ni kipindi gani kina wasikilizaji wengi. Walisoma maneno ambayo wasikilizaji wenyewe waliandika chini yake. Palipoandikwa "mnanichekesha sana" walipita. Palipoandikwa "sasa nimeelewa" walisimama. Na kila waliposimama walifungua kipindi cha kwanza kabisa, cha zamani, wakasikiliza dakika chache waone kama mwenyewe alianza na mtu asiyejua, au aliingia tu kama vile wote wameshafika. Wengi walianguka hapo.

Aliyebaki alikuwa mama mmoja wa Lomé aliyejiita Madame Afi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya kuingia katika kazi ya kompyuta, na ilisikika. Alisema Kifaransa cha Kiafrika, kisicho na haraka. Kwa nyuma jogoo wa jirani aliwika, naye akamwomba radhi msikilizaji akaendelea. Kila mwisho wa kipindi alisema: "Sasa wewe. Nielezee kwa maneno yako, kwa sauti. Ukikwama, rudi nyuma, sitakukimbia."

Barthélemy akajikuta anaeleza kwa sauti, peke yake mbele ya sufuria. Serveur, alisema, ni mashine inayokaa mahali inangoja kuombwa; ukiiomba ukurasa inakutumia; ikianguka, hakuna anayepata kitu. Balise ni alama unayoiweka mwanzoni na mwishoni mwa maneno, ili mashine ijue hiki ni kichwa cha habari na hiki ni maelezo. Alipokwama alirudisha kipindi nyuma kwa ncha ya pua, kwa kuwa mikono ilikuwa ndani ya maziwa, na kioo cha simu kikawa na ukungu daima.

Siku ya somo la boucle, yaani kazi ambayo mashine huirudia rudia mpaka iambiwe basi, alizama hata akasahau moto. Maziwa yalipita kiasi, jibini likatoka gumu kama soli ya kiatu. Alimpelekea Papa Sebarenzi mwenyewe, akamweleza sababu yote bila kuficha. Mzee alilibonyeza kwa kidole gumba, akalibonyeza tena, akamrudishia ale mwenyewe.

"Développement web," alisema.

"Njo vile, Papa."

"Usikilize. Lakini siku ya kitu nguvu, usikilize wakati wa kuosha vyombo."

Ndivyo alivyofanya tangu siku hiyo.

Jumapili ilipofika alikuwa na hamu kama mtu aliyebeba zawadi. Salamu zilipokwisha, akasema: "Nicole, nina swali. Kama niko naomba ukurasa mu telefone yangu, ile serveur inajua je kama njo miye, haiko mutu mwingine? Hapo nilipotea."

Upande wa pili kiti kikasogezwa.

"Papa? Nani alikuambia habari ya serveur?"

"Niko nasikiliza podcast. Wakati wa kazi."

Nicole alicheka, kicheko kile cha utotoni. Akaanza kumjibu. Alisema sentensi moja, akaikata. Akaanza nyingine, akaikata. Kisha Barthélemy akasikia kwamba binti yake analia.

Akatoka nje taratibu, akaketi kwenye ukuta wa mawe ambako mkewe asingemsikia. Hakumwambia anyamaze. Alingoja.

"Sijue, Papa," Nicole alisema mwishowe. "Sijue kujibu swali yako. Sijaelewa kitu tangu mwaka ulianza. Tuko bengi mu salle, assistant anapita mbio, benzangu balikulia na kompyuta kwabo. Miye ninashika tu kwa kichwa. Nilianguka mu session ya kwanza ya mitihani. Sikumwambia mutu. Nilitaka kuacha, niende Walikale kwa Mujomba Polycarpe, niuzishe manguo na muke yake."

Polycarpe alikuwa mjomba wake, kaka wa Joséphine-Marie, na nyumbani mwake Walikale ndimo Nicole alimolala kila alipopita kwenda na kurudi. Kwa hiyo mpango ulikuwa umekamilika. Ulibaki mguu tu kuondoka.

Miaka yote ya kuamka kabla ya jogoo ilipita mbele ya Barthélemy. Lakini chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine alichoona haya kukifurahia: safari hii mtoto amemwambia yeye.

"Hata miye sikuelewa," alisema. "Boucle nilirudia mpaka niliharibisha maziwa ya Papa Sebarenzi."

"Kweli?"

"Muulize mama yako. Tulikula ile foromaji wiki nzima, meno inauma."

Nicole akacheka na kulia kwa pamoja. Baba yake akamwambia habari za Madame Afi, na jogoo wa jirani, na yale maneno ya mwisho wa kila kipindi. Hakumwambia asiache masomo. Alimwambia tu kwamba kesho anarudi kipindi cha kwanza, kwa sababu vingine vimeanza kumtoka kichwani, na kama anataka waanze pamoja, kila mmoja alipo.

"Na Mama?" Nicole aliuliza.

"Mama utamwambia mwenyewe. Miye nitakaa karibu."

Joséphine-Marie alipoambiwa alikasirika siku mbili, na siku ya tatu akatengeneza kifurushi cha maharage na jibini, safari hii laini, akampa dereva wa lori anayepita Walikale kwenda Kisangani.

Wakaanza. Jumapili zikabadilika. Nicole alieleza kwanza, baba akaeleza baadaye, na pale maelezo yalipogongana walirudi wote wawili kusikiliza. Barthélemy aligundua kwamba binti yake anaelewa upesi kuliko yeye akipewa nafasi, na kwamba kilichomwangusha chuoni ni haya ya kuuliza. Baadaye Nicole alianza kumngoja yule assistant, mwalimu msaidizi, mlangoni baada ya somo, na assistant, kumbe, alipenda kuulizwa. Hakuna aliyewahi kumngoja.

Kisha vita vikasogea, antena ya network ikazimwa, na kwa majuma kadhaa hapakuwa na simu wala Jumapili. Familia zilizokimbia zikajaa kambini Lushebere. Barthélemy aliendelea na vipindi vilivyokuwa ndani ya simu, na kwa kukosa wa kumweleza, akamweleza mkewe huku wakichambua maharage. Joséphine-Marie alisikiliza kwa adabu tu. Lakini jioni moja akainua kichwa.

"Na ile boucle, inasimamaka lini? Kama mutu alisahau kuiambia ikomee?"

Barthélemy alilibeba swali hilo hadi kazini. Kesho yake Madame Afi alilijibu swali lile lile: haisimami, mashine inazunguka mpaka inakwama. Alipoipeleka habari hiyo nyumbani, mkewe alisema alishajua, maana hata yeye anaye mume wa namna hiyo.

Network iliporudi, Nicole alipiga na kutoa habari kabla hata ya salamu. Amefaulu session ya pili. Hesabu imebaki, ataichukua tena mwaka ujao, lakini somo la kuunda tovuti amelipita, tena vizuri. Joséphine-Marie akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaoa.

Likizo ilipofika Nicole aliondoka Kisangani, akalala Walikale kwa mjomba, akafika Masisi juu ya lori amejaa vumbi, na begani amebeba kompyuta aliyoazimwa na rafiki yake Falone. Asubuhi alimfuata baba yake kazini. Barthélemy akaosha mikono, akaifuta mara mbili, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miezi yote hiyo alikuwa amesikia tu. Msimbo wenyewe, yale maandishi ya mashine, hakuwahi kuyaona.

Nicole akafungua. Ilikuwa kazi yake ya mtihani, ukurasa wa kuonyesha vituo vya afya na saa zake za kufungua. Barthélemy akasogeza uso karibu. Herufi zilikuwa ndogo kama mchanga, zimejaa vialama vilivyochongoka na mistari iliyoanzia katikati. Akatazama juu, akatazama chini. Hakutambua kitu.

"Haiko vile nilizania," alisema kwa aibu, akarudisha uso nyuma.

Nicole alimtazama, akageuza kompyuta upande wake. "Funga macho, Papa."

Akamsomea. Alisoma polepole, mstari kwa mstari, akitaja kila balise inapofunguka na inapofungwa, akisema hapa ni kichwa cha habari, hapa inaanza boucle, inapita kituo kimoja kimoja, hapa inaambiwa basi. Barthélemy, amefumba macho, alianza kuitikia kwa kichwa. Sasa aliuona ukurasa wote.

"Hapo," alisema, "hapo serveur njo inaombwa."

"Njo hapo."

"Endelea."

Nje, wachungaji walikuwa wakishusha madumu ya maziwa ya asubuhi na kumwita kwa jina. Alinyanyua mkono kuwaambia wangoje kidogo, naye Nicole akaendelea kusoma.