Siku Mwalimu Kimeu Alipotafsiri Rap Yangu

Nimefanya rap miaka mingi na watu huniuliza nilianzia wapi, na mimi huwajibu juu juu, kwa sababu ukweli ni kwamba nilianzia kanisani Mbumbuni, mbele ya mama yangu, na nilipata aibu ambayo hata leo nikiikumbuka nikiwa naosha vyombo nasimama kidogo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, sina kazi, namsaidia mama katika kibanda chake cha ushonaji hapo sokoni. Mama alikuwa na cherehani ya kukanyaga, na mguu wake ulikuwa na mwendo mmoja tu, tap-taka-tap, kutwa nzima, na mimi nikiwa nashona vifungo nilianza kupanga maneno juu ya huo mwendo. (Wengine walianza na ngoma za kununua, mimi ngoma yangu ilikuwa mguu wa mama.) Halafu binamu yangu Musyoka, aliyekuwa utingo wa lori pale Emali, akaniletea kanda ya rap ya Wamarekani, kanda isiyo na jina wala kava, na nikaisikiliza mpaka betri za redio zikaisha, nikazianika juani, nikaendelea. Sikuelewa hata robo. Lakini ile namna ya kuongea haraka kama mtu anayekimbiza basi, hiyo niliielewa kabisa.

Basi kanisani ikapangwa Jumapili ya vijana. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama na ilinichukua majuma matatu kumbembeleza aniombee nafasi kwa Pasta. Nilikuwa na shairi langu mwenyewe, Kikamba na Kiswahili, kuhusu foleni ya maji kwenye pampu. Nilikuwa tayari. Kisha Ijumaa nikasikia kwamba kutakuwa na wageni kutoka Nairobi, wengine wanasoma chuo kikuu, na nikajiuliza, sasa nitasimama mbele ya watu kama hao niongee habari ya mitungi? Nikaamua, na hapo ndipo nilijimaliza, niache shairi langu nichukue verse moja ya ile kanda, kama ilivyo, Kiingereza kitupu.

Nilichosahau ni kwamba kanisa letu lilikuwa na sheria: neno lolote la Kiingereza likisemwa pale mbele lazima litafsiriwe kwa Kikamba, ndio akina susu, yaani nyanya zetu, wasiachwe nyuma. Na mkalimani alikuwa Mwalimu Kimeu, mzee aliyefundisha Kiingereza miaka yote mpaka akastaafu, mtu wa suti ya kahawia na maneno machache. Nimeshika maikrofoni, naona anakuja kusimama kando yangu.

"Twende polepole," akaniambia. "Mstari mmoja, halafu unaningoja."

Sijui kama umewahi kufanya rap huku unamngoja mkalimani. Nikatema mstari wa kwanza, na mikono naitupa. Mwalimu akanitazama. Akatazama dari. Kisha akawageukia watu, akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya upole, "Anasema njia ya ujana ina mashimo mengi."

"Ameni," watu wakaitika.

Nikatema wa pili. Akakohoa kidogo. "Anasema heri mtu ashikwe mkono na Mungu."

Ameni zikaongezeka, na mimi mjinga nikapata moto, nikajua kumbe nina upako. Nilipomaliza susu mmoja akainua mkono huko nyuma akasema hawakusikia vizuri, arudie. Nikarudia kwa furaha, kutoka mwanzo. Mwalimu maskini hakuwa ameweka kumbukumbu ya alichosema.

"Anasema," akaanza, "mvua ikichelewa tusikate tamaa."

Susu akasimama. "Mwalimu, hayo maneno si ndiyo yalikuwa ya mashimo?"

Kanisa likacheka, na wale wageni wa Nairobi, ambao walikuwa wamejizuia muda wote, wakashindwa, mmoja akaingiza kichwa chini ya benchi. Pasta akainuka. Akaniuliza, taratibu tu, "Nduku, maneno hayo maana yake ni nini?"

"Sijui, Pasta." (Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni, kwa hivyo hata waliokuwa nje chini ya dirisha walisikia.) "Niliyatoa kwa kanda."

Pasta akamgeukia mama mmoja mgeni, nesi, aliyevaa kofia, amsaidie kueleza. Yule mama akatazama viatu vyake.

"Pasta," akasema, "tuombe tu."

Nilimtafuta mama yangu kwa macho. Alikuwa ameinamisha uso kwenye leso. Nikaweka maikrofoni chini, nikaanza kwenda mlangoni, na Mwalimu Kimeu akanishika kiwiko.

"Pasta, huyu mtoto amesema maneno ya watu," akasema. "Tumpe nafasi aseme yake."

Pasta akaitikia kwa kichwa. Nikarudi mbele. Nikagonga sakafu kwa kiatu, tap-taka-tap, nikaanza:

"Nimeamka saa kumi na moja, mtungi wangu wa mia na moja,
jua limenipata nangoja, mbele yangu hajasonga mmoja."

Hawakucheka. Mstari wa nne nikasema jinsi jamaa za mwenye funguo za pampu hawapangi foleni, na hapo akina mama wote wakageuka kumtazama mwenye funguo, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa ameketi safu ya pili. Katikati nikasahau maneno, nikanyamaza, na susu yule yule wa nyuma akaniambia, "Endelea, tunakuskia." Nikaendelea. Walipiga makofi kwa mwendo wangu mpaka mwisho. Kesho yake mzee wa funguo akaanza kuandika namba kwa chaki kwenye mitungi, na watu wakachota kwa zamu.

Jumapili hiyo, tulipofika kwa lango la nyumbani, mama alininyooshea mkono. "Ile kanda unipe," akasema. Nikampa. "Na ile ya maji uiandike mahali, usiisahau tena."

Wiki hiyo nilienda kumshukuru Mwalimu, nikamuuliza nilikuwa nimesema nini hasa. Akasema mengine hata yeye hakuyajua, alielewa mawili tu, yakamtosha. Hakuniambia ni yapi, na hakuwahi kumwambia mtu mwingine mpaka tulipomzika.

Tangu hapo kila nikiandika verse namsomea mama kwanza, mchana, neno kwa neno, na nikishindwa kumweleza neno, nalikata. Nimekata mengi mazuri. Lakini sijasimama tena mbele ya watu na kitu ambacho sikijui, na namshukuru Mungu kwamba siku niliyofanya hivyo, aliyesimama kando yangu alikuwa mtu aliyekubali kudanganya kanisa zima ili mimi nisiaibike.