Mjomba Aliyelifuata Boksi la Penisilini

Mwanangu, nilimwahidi Sista Dorina, mkuu wa zahanati yetu kule Rangwe, kwamba kabati la dawa halitafunguliwa kwa mtu yeyote wa nje mpaka arudi kutoka Rusinga, alikokwenda kumtazama mama yake mgonjwa. Nakumbuka alivyonikazia macho, kana kwamba ahadi yangu ilikuwa imetoka upesi mno. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa nimetoka chuoni, nikiamini kwamba mtu mwema huwaamini watu.

Penisilini ilikuwa imebaki boksi moja. Wodini alilala mtoto wa Akoth, mfinyanzi, akihema kwa nimonia, na sindano zake zilikuwa hazijaisha.

Ndipo akaja mwanamume mwenye koti zuri. Hakuanza na dawa. Aliketi benchini na wagonjwa akapiga nao soga, kisha akaja kuniuliza ukoo wa mama yangu. Nilipoutaja, alicheka kwa furaha.

"Kumbe! Mimi ni nera, mjomba wako kabisa!"

Akasema amemkuta Sista Dorina gatini Mbita. "Mama yake amezidiwa, miguu imevimba, hawezi kumwacha. Amesema unipe lile boksi nilipeleke Uriri. Watoto wanakufa huko."

Mwanangu, habari za mama yule zilikuwa kweli. Hata miguu. Nilishika ufunguo mfukoni.

"Mjomba, tungoje kidogo. Nitamtuma mtu akamwulize Sista."

"Tungoje? Na watoto nao wangoje?" Akawageukia wa benchini. "Mwoneni mtoto wa dada yangu! Vitabu vimemgeuza Mzungu."

Wakacheka. Bibi mmoja akanifokea: "Wewe kijana, mjomba unamfanya mwizi? Mpe, nyathina, mwanangu, usituletee laana!"

Hapo niliyumba. Kwetu, kumkatalia mjomba mbele ya watu si jambo dogo. Nilitoka nje, nikaingia, nikatoka tena. Mwishowe nikasema, "Nitakupikia chai, mjomba, na utalala kwangu mpaka jibu lije. Lakini boksi haliondoki."

Chai hakuitaka. "Wakifa, ni wewe umewaua," akasema, akaenda zake.

Tangu hapo sikupata raha. Kila aliyetoka upande wa Uriri nilimwuliza habari za watoto. Walinishangaa, maana hawakuwa wamesikia habari hiyo, wala mshangao wao haukunituliza. Nilipomchoma mtoto wa Akoth sindano, nilijiuliza kama nilikuwa nikimponya kwa roho za wengine.

Sista aliporudi, nilimweleza kabla hajatua mzigo.

"Mjomba gani? Sikumtuma mtu."

"Lakini alijua hata miguu ya mama!"

"Nani hapa Rangwe asiyeijua miguu ya mama yangu? Hilo benchi halina hadithi nyingine. Angekaa kidogo zaidi, angekuja kukwambia ni mume wangu." Kisha akaacha mzaha. "Ukoo wako ulimpa wewe. Mambo yangu alipewa na hao wa benchini. Akachukua maneno yetu wenyewe akaturudishia, nawe ukayaona ushahidi."

Hakunisifu. Aliingia wodini kusikiliza kifua cha mtoto.

Na huenda mtu yule alikuwa mjomba wangu kweli. Mpaka leo sijui. Lakini undugu haukumfanya awe ametumwa. Nawe, mwanangu, unayefanya kazi ofisini, utapigiwa simu na mtu anayelijua jina lako, cheo cha mkubwa wako, hata msiba wa jirani yako. Atakuharakisha, na ukisita atakufanya ujione huna utu. Usimtukane, huenda ni mkweli, na mkweli akingojeshwa hapotezi ukweli wake. Mkaribishe, mpe kiti, kisha mtafute mwenyewe anayedaiwa kumtuma.

Mungu akulinde na akujalie moyo laini usioyumbishwa na kicheko cha watu. Nami nakuomba jambo moja tu: kesho mtu akikutaka utoe kitu kwa jina la mwingine, mwulize kwanza huyo mwingine.