Meza ya Vyombo vya Yeyo

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale Noonkopir, mtaani kwetu Kitengela, nikiwa nimechuchumaa mbele ya meza iliyolala kifudifudi, natamani mno kuichungulia. Wewe unayefunua sufuria kabla ugali haujaiva utanielewa.

Meza hiyo ilitokana na msiba. Mama yetu, tuliyemwita Yeyo, alifariki kule Kimana akaacha sahani, bakuli na vikombe vya maua ambavyo alivitoa kwa wageni tu. Dada yangu Naserian aliniletea vyombo hivyo Kitengela, ndani ya boksi, kwa lori la vitunguu. Tulipofungua boksi, hakikuwamo hata kikombe kimoja kizima. Nikamwambia hajawahi kujali kitu cha Yeyo. Alirudi Kimana na lori lile lile, na miezi ikapita bila salamu.

Vile vipande vilinishinda kutupa. Jirani yangu, Mzee Karanja, aliyekuwa fundi wa sakafu maisha yake yote, alinikuta nimevianika uani.

"Hizo zinaweza kuwa meza," akasema.

Nilicheka, kisha hamu ikanishika. Alinitandikia karatasi ya mfuko wa simiti, akanipikia gundi ya uji wa ngano, akaniagiza nibandike kila kipande maua yakiangalia chini. Nikamuuliza kwa nini tufiche uzuri.

"Sahani ni nyembamba, bakuli ni nene. Ukizipanga zikiangalia juu, kikombe cha chai kitacheza. Zikilala hivi, uso unatoka sawa, unene unabaki nyuma."

Basi nilipanga migongo myeupe tu, nikibahatisha ua jekundu limeangukia wapi, na maswali yangu hayakuisha. Yule mzee alivumilia, maskini. Mwishowe akazungushia bati, akamwaga simiti yenye waya ndani, akafunika na gunia bichi.

Ilipokauka, nilitaka tuipindue hapo hapo.

"Hii inataka watu wawili wa nguvu sawa," akasema. "Mmoja akilegea, inapasuka katikati."

"Si tushike, mzee?"

"Mimi mgongo umekwisha. Uko na dada."

"Hatuongei."

"Sijasema muongee. Nimesema mpindue."

Nilikasirika, nikamwambia hayo hayamhusu. Akaenda zake kunywa chai. Ningeweza kuita kijana yeyote wa ploti, lakini nilibaki pale nikijiuliza kama Naserian angekuja nikimwita. Kuomba msamaha kulinishinda, hata maneno sikuwa nayo. Nikamtuma mama mmoja muuza vitunguu aliyekuwa akienda Kimana: "Mwambie kuna kitu cha Yeyo, ni kizito, siwezi kuinua peke yangu."

Siku ya soko nikamwona Naserian langoni. Hakusalimia.

"Kiko wapi?"

Tukashika. "Polepole upande wako," akaniambia. "Wewe pia," nikajibu. Ikapinduka nzima. Tukapiga magoti, tukalowesha karatasi kwa kitambaa na kuibambua, na maua ya Yeyo yakaanza kutokea moja moja, yamechanganyika kwa namna ambayo sikuibahatisha hata kidogo. Naserian aliguna kwa mshangao kama mtoto. Kisha akaongea bila kuniangalia.

"Hiyo boksi nilibeba kwa mapaja tangu Kimana. Karibu tufike, ng'ombe wakaingia barabara, dereva akakanyaga breki, boksi ikaniponyoka. Nililia hapo kwa gari mpaka kwako."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Mzee Karanja nilikuwa nimemuuliza habari ya kila kigae. Dada yangu sikuwa nimemuuliza hata swali moja.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Ndugu yako akikuletea kitu kimevunjika, uliza kwanza njiani kulikuwaje, kisha umwache aeleze mpaka mwisho. Na mkishakosana, usikae ukingoja mmoja wenu apate maneno matamu. Mwite akusaidie kazi usiyoiweza peke yako. Mungu akujalie ndugu anayekuja akiitwa, na wewe ukiitwa, akupe miguu ya kwenda.