Siku Niliyodai Fomu Msibani

Wenzangu, mkasa huu nimeuficha miaka mingi, maana nikiukumbuka hata leo natamani ardhi ipasuke niingie. Miaka ile ya tisini nilikuwa karani kwenye utafiti wa dawa ya malaria hapo Ifakara. Watoto walikuwa na siku zao za kupimwa, ila mtoto akiugua katikati, mama aliruhusiwa kumleta siku yoyote, na akija inajazwa fomu. Sasa fomu isipoonekana, hujui kama imepotea au mtoto hakuletwa kabisa. Za mtoto Veronika wa mtaa wa Lipangalala hazikuonekana, bosi akanung'unika, basi mimi (na kiherehere changu) badala ya kumngoja muuguzi aliyezijua zile familia, nikapanda baiskeli peke yangu kwenda kumuuliza mama yake.

Nafika nakuta watu wamejaa uani, turubai limefungwa, masufuria makubwa yako motoni, nikajua hiyo ni komunyo ya kwanza ya mtoto wa watu, nikapiga kengele nikaita, "Mama Vero! Yaani mnapika pilau mimi sijaalikwa? Na fomu zangu je?"

Hakuna aliyecheka. Nikadhani hawajasikia, nikarudia kwa sauti zaidi (jamani!).

Bibi mmoja akanisogelea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Shusha sauti, baba. Vero tumemzika jana."

Homa ilimkuta shambani, upande wa Malinyi, walikokwenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Mama yake alikuwa mkekani, macho yamevimba, akasema taratibu, "Nilitaka kumleta. Maji yalifunga njia."

Nikageuza baiskeli haraka nijiondokee, usukani ukanasa kamba ya turubai, upande mzima ukawaangukia wazee waliokaa chini yake, mfuko wangu ukafunguka, fomu za watoto wengine zikatapakaa kwenye tope. Wazee wanajinasua, mimi nimesimama tu kama gogo. Aliyeinuka kuziokota ni mama Vero. Akazifuta moja moja kwa khanga yake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua, kaka. Wasije wakakugombeza kazini."

Hata pole sikuitoa. Niliondoka nasukuma baiskeli huku nalia barabarani, watu wananitazama. Pole niliipeleka kesho yake, kwa miguu. Na tangu hapo nikikaribia mji wa mtu nashuka mbali, nakwenda kimya, nasikiliza kwanza kama kuna kicheko au kilio.