Mstari Wangu wa Mahindi Kule Iowa

Sijawahi kukanyaga Iowa, lakini ukiniamsha usingizini nitakutajia mito yake. Mashariki kuna Mississippi, magharibi Missouri, na katikati unapita Des Moines, uliouachia jina mji mkuu, wenye jengo la serikali lenye kuba la dhahabu. Wilaya zake ni tisini na tisa, na kama arobaini hivi naweza kuzitaja kwa kufuatana, kama mtu anavyotaja mababu zake. Mimi huyu niliyesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Mjukuu wangu, aliyezaliwa hapa hapa Tottenham, London, huwa ananicheka. Anasema, Koko, kuna Wamarekani wenyewe hawajui hivyo. Koko ndivyo wajukuu wa kwetu Kongo wanavyomwita bibi yao, na hilo ndilo neno la kwetu ambalo hajawahi kuliacha. Mengine yote ananijibu kwa Kiingereza.

Majina ya watu sitayaandika humu. Si kwamba nimeyasahau. Nayakumbuka yote, ya walio hai na waliokufa, na nani alizaliwa nyuma ya nani. Lakini mdomo wangu ulinigharimu mara moja kwa ajili ya majina, nitaeleza.

Iowa niliipata kwa simu, kutoka kwa mdogo wangu. Tulikulia pamoja uwanda wa Ruzizi, vita vikatutoa pamoja, tukaishi kambini Tanzania nyumba moja, miaka ambayo sipendi kuihesabu. Kisha faili lake likaitwa la kwenda Marekani. Mimi nilikuwa kwenye faili la mwanangu, aliyekuwa ametangulia London. Tuliagana kwenye basi, akiwa dirishani ameshika kikapu changu badala ya chake, na hatukugundua mpaka basi limeondoka. Tangu siku ile sijamgusa mkono. Imepita miaka kumi na minane.

Tunaongea Jumamosi, saa kumi jioni za huku, kwao saa nne asubuhi. Miaka ya kwanza alikuwa analia tu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukata nyama ya nguruwe, vidole vikawa haviwezi kufunga kifungo cha blauzi, na nje theluji imefunika mpaka huoni barabara inaishia wapi. Kisha akaanza kwenda darasa la Kiingereza chini ya kanisa, kwa mwalimu mmoja mzee aliyestaafu. Yule mwalimu hakuwa na kitabu cha wageni. Aliwafundisha Iowa. Kila juma somo moja la nchi ile, na kila Jumamosi mdogo wangu alinifundisha mimi, nikiwa nakunja nguo kwenye flati yetu ya kaunsili, yaani ya halmashauri, na simu nimeiegemeza kwenye birika.

Ndiyo nikajua kwamba zamani nchi yote ile ilikuwa nyasi, nyasi za kumficha mtu aliyepanda farasi, na mizizi yake ilishuka chini kuliko kisima. Walipoilima wakakuta udongo mweusi kama masizi ya sufuria. Nikajua kuna madaraja ya mbao yenye paa, kama nyumba iliyosimama juu ya mto. Mdogo wangu alidhani ni kwa ajili ya watu wasinyeshewe. Mwalimu akamwambia hapana, ni mbao za daraja ndizo zilizofunikwa zisioze. Tulilicheka hilo juma zima, kwamba daraja lina paa na sisi kambini tulikuwa na turubai. Nikajua pia kwamba kando ya Mississippi kuna vilima vidogo ambavyo watu wa kale walivijenga kwa mikono, wakabeba udongo wakaupanga umbo la dubu na la ndege, na umbo lenyewe huwezi kuliona vizuri ukiwa chini.

Lakini somo lililonikaa ni la Wameskwaki. Hao ni wenyeji waliofukuzwa kwenye ardhi ile, wakasukumwa mbali. Baadhi yao wakarudi, wakajificha, wakatafuta namna, wakainunua ardhi. Ardhi yao wenyewe, wakailipia kama wageni, na wapo juu yake mpaka leo. Mdogo wangu alinisimulia hayo mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nakumbuka shamba letu lilikuwa na miembe mingapi mpakani. Nikamwambia haikuwa miembe, ilikuwa miparachichi, mitatu, na mmoja ulikuwa hauzai.

Sasa mahindi. Alisema, "Yaya, huku mahindi ni mengi mpaka mutu anaogopa. Unatoka asubuhi na gari, unafika saa sita, bado ni yale yale." Yaya ni mimi, dada mkubwa. Nami huku nilikuwa natafuta mahindi kwenye maduka yote ya Tottenham, na nilienda na mabasi mawili mpaka Peckham kwa sababu mama mmoja wa kanisani aliniambia kule yapo. Yapo, ni kweli, lakini ni laini na matamu kama pipi, meno hayapati kazi. Niliyachoma juu ya jiko la umeme, kengele ya moshi ikalia jengo zima, mjukuu akasimama juu ya kiti anapunga taulo, na nilipoyang'ata yalikuwa sukari tu.

Mdogo wangu alikuwa nayo magumu, ya shambani kweli, lakini si yake. Siku moja akitoka kazini alisimamisha gari kando ya shamba, akavunja mahindi mawili, akawasha moto mdogo kwenye mtaro akayachoma hapo hapo. Kwetu huo si wizi. Mpita njia mwenye njaa anavunja mawili, anakula akiwa ukingoni mwa shamba, na mwenye shamba akimkuta anamsalimu. Wizi ni kubeba. Basi mwenye shamba, mzee wa kizungu mwenye kofia, aliona moshi akadhani gari linaungua, akaja mbio na ndoo ya maji. Akamkuta mwanamke amekaa kwenye nyasi anatafuna. Akamweleza, kwa mikono zaidi kuliko maneno, kwamba mahindi yale ni ya nguruwe, watu hawayali. Mdogo wangu akamkatia kipande. Mzee akala, akatafuna sana, akasema ni magumu. Mdogo wangu akamjibu kwa Kiingereza chake chote alichokuwa nacho siku ile kwamba ndiyo maana ana meno.

Mwaka uliofuata yule mzee alimpa kipande cha ardhi kando ya mtaro ule, alime anachotaka. Naye mstari wa kwanza, ule unaotazama barabara, akaupanda kwa ajili yangu.

Hii ni desturi ya mama yetu. Mtu wa nyumbani akiwa safarini, msimu wa kupanda anapandiwa mstari mmoja ukingoni. Hakuna anayeugusa. Mahindi yakikomaa yanamngoja, yakikauka yanakauka yakiwa yamesimama, ndege wakila wamekula. Anayeuvunja ni mwenyewe, kwa mkono wake, siku akirudi. Mtu akifa huko aliko, mstari unakatwa na kulishwa mbuzi, na hapo ndipo nyumba inalia. Kwa hiyo mstari ukisimama, maana yake mwenyewe bado anangojwa. Wangu umesimama Iowa misimu kumi na mmoja. Kila Agosti mdogo wangu aliniwekea simu mbele ya mstari, nikaona majani yakitikisika, na kila mwaka nikasema mwakani.

Mwaka juzi nikaomba viza. Nina hati ya safari ya mkimbizi, kwa hiyo ni lazima uende ubalozi wa Marekani, dirishani, ukaulizwe. Mwanangu alijaza fomu, na ndani ya basi alinirudia mara tatu kwamba, mama, jibu unachoulizwa tu, usizidishe.

Dada aliyekuwa nyuma ya kioo hakuwa mkali. Aliniuliza kupitia mkalimani naenda kwa nani. Nikasema kwa mdogo wangu, tumbo moja. Akauliza jina la mama yetu. Hapo moyo wangu ukafurahi, kwa sababu hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kuniuliza. Nikamtajia mama aliyenizaa, ambaye alikufa nikiwa sijaota meno. Nikamtajia mama aliyemzaa mdogo wangu, aliye mdogo wake yule wa kwanza, aliyetunyonyesha sisi wawili, mimi titi hili, mwenzangu titi lile. Nikamtajia mama yao wote wawili, na kijiji alichoolewa. Mkalimani alikuwa ananitazama kwa jicho la kuniomba ninyamaze. Mimi nikaona ananihurumia kwa uchovu, nikaongeza na babu.

Yule dada akatazama karatasi muda mrefu. Kisha akasema neno, na mkalimani akanigeuzia polepole.

"Mama, anasema kwenye fomu imeandikwa mama ni mmoja. Anasema basi huyo si dada yako, ni binti ya mama mdogo."

"Mama mdogo ni mama," nikamwambia. "Mwambie hivyo."

Alimwambia. Nilimwona akimwambia vizuri. Nikapewa karatasi ya kukataliwa, na mwanangu njia nzima mpaka Seven Sisters, stesheni ya karibu na kwetu, hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Tulipofika nyumbani ndipo akasema jina moja lingetosha. Nami ningechagua lipi? Aliyenizaa, au aliyenilea? Ningemwacha nani nje ya dirisha?

Mdogo wangu nilipomwambia akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani. Alisema mdomo wangu ule ungekuwa na miguu ungeshafika Iowa zamani. Mstari akauacha umesimama.

Lakini mwaka huu, masika, alinipigia siku isiyo Jumamosi. Yule mzee mwenye shamba amechoka, magoti yamekwisha, anauza na kuhamia mjini kwa binti yake. Mnunuzi ana mashine kubwa, hataki vipande pembeni. Huu ni msimu wa mwisho wa mtaro ule. Naye mdogo wangu anasafishwa damu mara tatu kwa juma, figo hazifanyi kazi, hawezi kuanza shamba jingine. Alisema amepanda mstari wangu kwa kupiga magoti. Akaniuliza afanye nini nao. Aukate? Nilielewa anachoniuliza. Mstari unaokatwa ni wa mtu aliyekufa.

Niliweka simu chini, nikakaa jikoni mpaka mjukuu wangu alipoingia na kuniuliza kwa nini sijawasha taa. Nikamweleza yote, desturi yenyewe, na mbuzi, na figo. Alisikiliza akiwa bado amevaa koti. Huyu mtoto ana jina langu. Alizaliwa mwaka niliofika, na mwanangu akampa langu lote, la nyumbani na la kanisani. Ni wajina wangu. Na mama yetu aliacha njia moja: msafiri akishindwa kabisa, mwenye jina lake anaweza kumvunjia, na inahesabika mkono ni ule ule.

Sikumwomba. Yeye mwenyewe alisema ana pasipoti ya hapa na likizo ya chuo.

Alienda Agosti. Kila siku alinitumia picha. Alinitumia daraja lenye paa, nikamwuliza kama mbao zimeoza, akasema hapana. Alinitumia ng'ombe mzima aliyechongwa kwa siagi, amewekwa kwenye chumba cha baridi chenye kioo, kwenye maonyesho makubwa ya wakulima wao, na foleni ya watu wanaomtazama ng'ombe wa siagi huku ng'ombe wa kweli wamefungwa banda la pili. Alinitumia vilima vya dubu. Alinitumia mdogo wangu amelala kwenye kochi, amekonda, miguuni kwake kuna kikapu changu, kimebomoka mdomo.

Jumamosi, saa kumi za huku, simu ikalia. Walikuwa shambani. Mdogo wangu amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya barabara, ameshika simu, na mjukuu ameingia kwenye mstari, mahindi yamempita kichwa. Sikumwona. Niliona majani tu, na nyuma yake mbingu kubwa isiyo na mlima.

Mama yetu alikuwa na namna ya kutuita tukiwa ndani ya mahindi. Alivuta herufi ya mwisho ya jina mpaka pumzi inamwishia, nasi tulipaswa kuitika "niko hapa" ili ajue tuko upande gani. Mdogo wangu aliinua kichwa akaita hivyo. Aliita jina langu, kwa sauti ya mama kabisa, sauti ambayo sijaisikia tangu tukimbie.

"Niko hapa," mjukuu akaitika kutoka ndani, kwa Kiswahili, na nikasikia hindi la kwanza likivunjika.

Mimi nilikuwa nimeshaitika. Nilikuwa nimesimama jikoni Tottenham, kitambaa cha vyombo mkononi, nimeitika kwa nguvu mpaka jirani aligonga ukuta.

Mdogo wangu akasogeza simu usoni. "Yaya, umesema kitu?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia amwelekeze mtoto avunje kwa kukunja kuelekea chini, asivute, atang'oa shina.