Tulipong'oa Pevingi

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Masasi kukaa nasi Kigamboni, mimi tayari nilikuwa na miaka kadhaa nikiwachorea watu bustani: mti gani ukae wapi, njia ipite wapi, viti viwekwe upande gani. Ua wa nyumbani kwangu sikuwahi kuuchora. Mume wangu aliutandika pevingi, yale matofali ya saruji ya kijivu, kutoka getini hadi ukuta wa nyuma. Hakuna vumbi, hakuna tope masika, gari linageuka vizuri. Wageni walitusifu.

Wiki ile ile ya kwanza mama alitoka jikoni peku, mchana, kwenda kuanika kanga. Nikasikia ukelele. Nilipofika mlangoni nilimkuta amesimama juu ya kanga mbichi aliyoitupa chini, hathubutu kwenda mbele wala kurudi.

"Mwanangu," akasema, "huu ni ua au mmeinjika sufuria?"

Nikampelekea ndala. Tulicheka wote, ila nilipokuwa nampaka mafuta nyayoni niliona aibu. Kazi inayonilisha ni kupanga nyua za watu.

Ndani hakupenda kukaa. Feni ilimuumiza mabega. Asubuhi alitandika mkeka upande wa magharibi wa nyumba, saa nne akausogeza nyuma ya tangi la maji, saa nane akahamia mlango wa nyuma, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, miguu ikibaki juani. Nikachukua karatasi, nikawa naweka alama kila anapokaa na saa yake. Baada ya wiki nilikuwa na mchoro bora kuliko yote niliyowahi kuanza nayo kwa wateja.

Mume wangu hakutaka kusikia. "Mie nimetandika hizi nisikanyage tope. Leo unataka kunirudishia shamba?"

Mama akadakia kutoka pale alipokaa. "Baba, gari lako umelijengea banda. Mimi nikae wapi?"

Jumamosi iliyofuata mume wangu akaazima mtaimbo kwa jirani na kuanza kung'oa mwenyewe.

Tulitoa zaidi ya nusu. Tukaacha njia mbili za matairi, kwingine tukamwaga udongo mweusi na samadi, tukapanda ukoka. Karibu na mlango wa nyuma nikasimamisha nguzo nne, nikapanga fito juu na kupandisha mpasheni. Upande wa jua la jioni nikapanda mwarobaini, nikijua huo ni wa miaka ijayo. Halafu, ili mama asionwe na wapita njia, nikazungushia kibaraza chake mimea minene hadi kimo cha mtu.

Mpasheni ulipofunika fito nikamuuliza anaonaje.

"Kivuli kipo," akasema, akijipepea kwa upindo wa kanga. "Hewa imekufa."

Nikakaa pale robo saa na blauzi ikanigandia mgongoni. Nilikuwa nimelihesabu jua saa kwa saa, upepo nikausahau, na katika joto hili la pwani jasho lisipokauka kivuli hakikusaidii sana. Nikaikata ile mimea hadi usawa wa goti. Fundi akabomoa mistari mitatu ya juu ya tofali za ukuta wa kusini, upepo unakotokea, akajenga tofali zenye matundu. Siku ukuta ulipokauka mama alilala nje kuanzia adhuhuri hadi karibu na alasiri, nasi tukawa tunanong'ona jikoni.

Alikaa nasi mpaka msimu wa korosho, akarudi kwake.

Wateja sasa nawauliza kwanza: mchana nani anabaki nyumbani? Wengi wanaanza kunionyesha sehemu ya gari. Juzi mwenye nyumba mmoja wa Segerea alisema, "Baba yangu. Lakini yeye hatoki chumbani."

"Anasemaje kuhusu nje?"

"Sijamuuliza, dada."

Tukaenda kubisha hodi kwa mzee. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba atoke nasi mara moja, atuonyeshe pa kuweka kiti.